Miaka sita na Valium: nikiacha silali, nikiendelea naogopa

Assalaam alaykum Bi Nesi,

Mie ni mama wa miaka 61, nakaa Wete, nlikuwa mwalimu wa skuli ya msingi nkastaafu mwaka jana. Nna presha mwaka wa kumi na mbili huu, sukari mwaka wa saba, na magoti ndo hayo, ngazi nazipanda kwa kushika ukuta. Lakini nnalokuandikia si hayo, ni usingizi. Wallahi Bi Nesi usingizi umenihama.

Ilianza alipofariki mume wangu, sasa miaka sita. Nlikuwa kwenye eda, mchana nyumba imejaa watu, lakini usiku wakishalala wote mie macho makavu, nasikiliza feni tu mpaka adhana. Mdogo wangu akanipeleka kwa daktari nkaandikiwa Valium za miligramu 5, wiki mbili. Nkalala fofofo. Wiki mbili zilipokwisha nkamtuma mtoto famasi akanunua nyengine, hata cheti hakuulizwa, na ikawa ndo hivyo mwezi baada ya mwezi. Baada ya mwaka ile moja ikawa haifanyi kitu nkaanza mbili, yaani 10, na hapo ndo nlipo mpaka leo, na hata hizo mbili skuizi hazinilazi kama zamani.

Usiku wangu uko hivi. Nakula, nakunywa dawa zangu zote kwa pamoja, ya presha, ya kukojoza, za sukari mbili (metformini na glibenklamaidi), na Valium zangu, nasali isha, saa mbili na nusu nshapanda kitandani kwa kuwa nimechoka. Napata kausingizi mpaka kama saa sita, bas. Naamka haja ndogo, narudi, nageuka, naamka tena, mara nne mara tano. Siku nyengine saa nane nashtuka nimelowa jasho, moyo unanidunda kama nimekimbizwa. Nikishasali alfajiri ndo usingizi unanikamata, nalala mpaka saa tatu asubuhi, nikiamka kichwa kizito na nasahau sahau, juzi nimeacha chungu cha wali motoni mpaka jirani akanigongea kwa sababu ya moshi.

Sasa mwezi wa Rajabu nlikwenda Unguja kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu, nkaziacha dawa kabatini makusudi, nkasema wiki nzima nitakuwa na watu, nitachoka, nitalala tu. Siku ya kwanza na ya pili sikuona tabu sana nkajipa moyo. Ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, kikombe nakishika kwa mikono miwili, taa zinaniumiza macho, kila sauti inaniingia kichwani, usiku silali hata dakika moja. Usiku wa nne naelekea chooni miguu haikunichukua, nkaanguka mlangoni nkapasuka juu ya jicho, nyuzi tatu. Siku ya kumtoa bi arusi mie nimelala na bendeji. Binti yangu akanitafutia Valium, nkanywa, nkatulia. Tokea hapo nimeamini kwamba bila ya dawa hii mie silali tena maisha yangu.

Jirani anasema nimekaliwa na shetani, nimenyweshwa kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani), moyo ulitulia kidogo. Mwengine kasema nibadilishe ninywe Piriton, ile dawa ya mafua na mzio. Daktari wa kliniki nlipomtajia alisema "endelea tu mama", foleni ndefu, hata uso hakuinua. Binti yangu ananigombeza kila siku, anataka niache leo leo nsije nkavunjika nyonga. Mie kuendelea naogopa na kuacha naogopa. Kofia ya viua ya marehemu ipo bado kwenye msumari mkabala na kitanda, usiku naiangalia hiyo mpaka kunakucha. Je mtu wa umri wangu, na maradhi yote haya, anaweza kuacha?

Mama wa Wete

---

Waalaykum salaam Bi Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na jibu la suala lako ni ndio, unaweza. Lakini usiache leo. Binti yako mpe salamu zangu, anakupenda na khofu yake ya nyonga ni ya kweli, ila hapo kwenye "leo leo" kakosea, na kosa lenyewe ni la hatari. Usiku wa leo kunywa kama kawaida yako.

Nataka kwanza nikueleze kilichokupata Unguja maana naona ndicho kilichokuvunja moyo. Wewe umekichukulia kuwa ndio ushahidi kwamba usingizi wako umekufa. Si hivyo. Valium ni dawa inayotoka mwilini pole pole sana, na kadiri mtu anavyokuwa na umri ndivyo inavyozidi kukaa, masalia yake yanaendelea siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ndo maana siku ya kwanza na ya pili ukajiona mzima, ulikuwa bado unayo ndani. Siku ya tatu ikaanza kukuishia, na ubongo uliozoea kutulizwa na dawa kwa miaka sita ukaachwa peke yake kwa mara moja. Mikono kutetemeka, mwanga kukuchoma macho, sauti kukuingia kichwani, kukosa usingizi hata dakika, yote hayo ni dalili za kukatiwa dawa ghafla. Kama mtu aliyetembea na gongo miaka sita ukamnyang'anya katikati ya ngazi, ataanguka, na miguu yake haijafa. Na ilikuwa inaweza kufika mbali zaidi, wapo wanaokatiwa hivi wakapata degedege, watu wazima, hawajawahi kuwa na kifafa maisha yao. Kwa hiyo binti yako alipokutafutia dawa usiku ule alifanya jambo la maana sana.

Na usijilaumu. Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1963 na ikachukua miaka mingi mpaka ulimwengu kukubali kwamba inamfunga mtu. Skuizi miongozo inasema kwa usingizi isizidi wiki mbili mpaka nne, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za jamii hii zote ziwekewe onyo kali la kwamba mwili unazizoea na kuziacha ghafla ni hatari. Wewe uliandikiwa wiki mbili, ilikuwa sawa kabisa, mtu yuko kwenye eda hajalala. Aliyekosa ni yule aliyekuuzia miaka sita bila ya cheti, na yule ambaye hakuinua uso.

Haya sasa, kabla hatujagusa Valium, mimi nakuona una vitu vingine vinavyokuamsha ambavyo si ugonjwa wa usingizi hata kidogo, na hivi vikitengenezwa nusu ya mzigo utakuwa umeshuka.

Dawa ya kukojoza. Bi Mwalimu, unainywa saa mbili usiku! Kazi yake yote inaifanya wewe ukiwa kitandani, hata angekuwa kijana wa miaka 20 angeamka mara nne. Kawaida dawa hii hunywewa asubuhi. Muulize daktari wako akuhamishie asubuhi, ni suala la dakika moja. Na kama miguu inakuvimba jioni, basi alasiri lala ubavu au inyanyue juu ya mito saa moja hivi, maana yale maji yaliyoshuka miguuni ukishalala usiku yanapanda na yanataka kutoka. Sukari nayo ikiwa juu inakojoza, kwa hiyo upime.

Lakini sukari yako mimi inanitia wasiwasi zaidi kwa kushuka kuliko kupanda. Lile la kushtuka saa nane umelowa jasho na moyo unadunda, nimelisoma nikasimama hapo hapo. Glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari usiku wa manane, khasa kwa mtu mzima, khasa ikinywewa usiku na chakula chenyewe kidogo. Inawezekana pia ni Valium, inawezekana ni mawazo, lakini hili halikisiwi, linapimwa. Azima kile kimashine cha kupimia sukari kwa kidole kama huna, kiweke pembeni ya kitanda, siku utakayoshtuka hivyo pima hapo hapo kabla hujafanya kitu. Ikisoma chini ya 4 kunywa maji yenye vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari, pima tena baada ya robo saa, na asubuhi yake nenda hospitali usingoje tarehe ya kliniki. Na siku ambayo mashine huna na umeshtuka hivyo unatetemeka, kunywa hiyo sukari tu, kheri ipande kidogo kuliko ishuke ukalala nayo.

Jengine muulize mtu anayelala karibu na wewe kama unakoroma, na kama unakoroma halafu unanyamaza kimya kabisa kisha unavuta pumzi kwa kishindo. Presha ya miaka 12, uchovu wa asubuhi, kuamka kukojoa, hivyo vyote vinaweza kuwa ni koo linaloziba usingizini, na Valium inalilegeza koo likazidi kuziba. Ikiwa ipo mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Magoti nitayapita haraka, ila hukuniambia unayanywia nini. Kama ni diklofenaki za dukani mwambie daktari pia, kwa presha na sukari na dawa ya kukojoza zinaumiza figo. Na kama umepewa zile kali za tramadoli, usizichanganye na Valium, zote mbili pamoja zinaweza kukata pumzi.

Piriton usiguse. Kwa umri wetu inakausha mdomo, inavuruga akili, inaangusha vile vile, utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Kombe na dua endelea navyo, havigombani na dawa, na kama vinakutuliza moyo hiyo ni faida. Miti shamba ya kunywa usiku ndiyo nakuomba uiache mpaka umalize safari hii.

Sasa kitanda. Unapanda saa mbili na nusu, unashuka saa tatu asubuhi. Ni saa kumi na mbili na nusu kitandani, na usingizi ndani yake labda saa sita ukichanganya vipande. Zilizobaki uko macho unageuka, unaangalia msumari. Kitanda chako kimejifunza kuwa ni pahala pa kukesha. Hili wataalamu wamelifanyia kazi tangu miaka ya 1970, na tiba yake inashinda vidonge kwa kudumu, lakini inataka ukaidi.

Shika jambo moja, adhana ya alfajiri. Kwetu sisi huku haiyumbi sana, mwaka mzima iko pale pale saa kumi na moja hivi, ni saa bora kuliko ya ukutani. Hiyo ndo iwe saa yako ya kuamka, ulale usilale, na baada ya sala usirudi kitandani. Najua, najua, hapo ndipo usingizi mtamu ulipo. Lakini ule wa saa kumi na mbili mpaka saa tatu ndo unaokuibia usiku. Toka uwani, kaa kwenye mwanga, fagia, mwagilia, kama ni msimu toka ukaanike karafuu na wenzio. Usiku usipande mpaka saa nne na nusu, hata ukisinzia sebuleni inuka utembee. Nakupa saa sita na nusu kitandani, sikupunguzii zaidi ya hapo kwa sababu ya presha na kuanguka kwako, na ukishaanza kulala vizuri unajiongeza robo saa robo saa.

Ukiamka usiku na ukaona kama dakika ishirini usingizi haurudi, shuka. Weka mswala au mkeka chumba cha pili tokea jioni, na taa ndogo, kaa na tasbihi yako, usiwashe taa kubwa, simu iache chaji jikoni (zile sauti za kwenye magrupu zinaamsha mtu aliyekufa), mpaka kichwa kianguke ndo urudi. Hata mara tatu usiku mmoja. Saa igeuze uso ukutani. Njia ya chooni iwe wazi, jamvi lolote linaloteleza liondoe, tochi chini ya mto, na ukinyanyuka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda uhesabu mpaka thalathini. Mchana ukizidiwa lala kailula ya dakika ishirini kabla ya saa nane, na uweke simu ikuamshe. Chai na kahawa mwisho wake baada ya adhuhuri, najua huko Pemba chai ya jioni ni haki ya mtu, lakini kunywa maziwa au ya mchaichai mtupu bila majani ya chai.

Hayo ya kitanda yafanye wiki tatu nne kwanza, na Valium zako vile vile hujazigusa. Ndo baadae tunashuka.

Kulikuwa na daktari Uingereza, Profesa Heather Ashton, aliendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi huko Newcastle kuanzia 1982 mpaka 1994, na alichokiona kwa miaka hiyo kumi na mbili ni kwamba watu huacha, na wazee huacha, ilimradi washuke polepole na mwendo uwe wao wenyewe. Mpango nnaokupa upeleke kwa daktari aukubali kwanza, kwa sababu mimi sijakupima.

Unakunywa vidonge viwili vya 5. Hatua ya kwanza ni kimoja na robo tatu. Kidonge kikate kwa wembe mpya juu ya sahani kavu, robo hazitotoka sawa, usijali, dawa inakaa mwilini siku nyingi kwa hiyo inajisawazisha. Kaa hapo wiki tatu. Kisha kimoja na nusu, wiki tatu. Kimoja na robo, wiki tatu. Kimoja. Ukifika hapo uko kwenye 5 na, ukihesabu na zile wiki za kitanda, imeshakwenda miezi mitatu hivi. Kuanzia hapo unakwenda taratibu zaidi, maana robo iliyokuwa ndogo kwenye 10 ni kubwa kwenye 5, hivyo muombe daktari akuandikie vya miligramu 2 ushuke miligramu moja moja kila mwezi, 4, 3, 2, 1, halafu basi. Jumla ni kama miezi minane, na ikifika mwaka pia sawa. Umekaa nayo miaka sita, kipi cha kukimbilia? Kama ni Ramadhani, au umepata homa, au kuna msiba, usishuke, kaa ulipo. Ila usirudi juu, na usiongeze nusu "kwa leo tu".

Kila ukishuka utaona usiku mbili tatu, pengine wiki, mbaya. Umeshajua sasa ni nini. Inapita. Kisichopita, ukitetemeka sana, ukachanganyikiwa, ukaona visivyokuwepo, au degedege, hapo ni hospitali hapo hapo na mwambie daktari unaacha Valium, lisifichwe. Na vidonge avishike binti yako au mtu mwengine, akupe vya wiki, si kwa kukudharau bali kwa sababu saa nane usiku kila mtu ni dhaifu.

Daktari yule akikwambia tena endelea tu, omba kuonana na mtu wa afya ya akili hapo hospitali, na ukiwa Unguja nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Najua jina hilo lilivyo kwetu, mtu akionekana getini tu mtaa mzima una habari. Bi Mwalimu, mimi nimekaa na wagonjwa wengi, na kuna watu wazima wenye heshima zao wanakwenda kwa usingizi na kwa huzuni wanarudi nyumbani kupika. Mchukue binti yako mwende naye.

Limebaki moja, nimeliacha mwisho kwa sababu na wewe uliliweka mwisho. Mumeo umemtaja kwa mstari mmoja kisha ukaandika dawa na usingizi barua nzima, halafu ukamaliza na kofia yake. Kwenye eda watu walijaa, Valium zikaja, ukalala, na nadhani kile kilio kililala na wewe hakijaamka mpaka leo. Dawa ikishuka kitaamka. Utalia pengine mchana, bila ya sababu, miaka sita baadae, na watu watakwambia mbona ulishasahau. Wewe lia. Mtafute mmoja wa kumzungumza naye, mdogo wako yule aliyekupeleka kwa daktari, mueleze alivyokuwa. Kofia usiitupe na usimpe mtu. Iondoe tu pale mkabala na kitanda, ikunje vizuri uiweke kwenye kabati lako pamoja na nguo zako, uwe unaitoa mchana ukitaka.

Chukua daftari, si umeshika chaki miaka yote hiyo, piga mistari: saa uliyopanda, mara ulizoamka, sukari, dawa. Dawa ya kukojoza ikishahamishiwa asubuhi, niandikie baada ya wiki mbili uniambie usiku uliamka mara ngapi.